Mkia wa kanda: shajara ya kutafuta VOK iliyobaki majumbani

9 Februari 2025

Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela ametutoka juzi. Hapa Mombasa msiba huu ni wa nyumbani: alizaliwa Freretown mwaka 1940, ukivuka tu kutoka kisiwani, na sauti yake tuliijua kabla hatujaujua uso wake. Jana usiku barazani hakukuzungumzwa jingine. Huyu anasimulia "Je, Huu ni Ungwana?", kipindi kilichoanza redioni mwaka 1966 na baadaye kikaingia kwenye televisheni. Yule anakumbuka asubuhi ya 1 Agosti 1982, wanajeshi walipomchukua akatangaze kwamba serikali imepinduliwa. Wazee wakacheka, wakajifuta machozi, wakacheka tena. Kisha mpwa wangu wa miaka 19 akauliza, "Sasa hivyo vipindi vya zamani tunaviona wapi, mjomba?"

Hakuna aliyemjibu. Vipo mtandaoni vipande vya vichekesho vya Vitimbi na Vioja Mahakamani, lakini jioni za utotoni mwangu sizioni humo. Nazitaka zile za Sauti ya Kenya, VOK, kituo cha utangazaji cha taifa, kabla haijarudishiwa jina la KBC mwaka 1989.

Leo asubuhi nimeshusha sanduku la marehemu baba kutoka juu ya kabati. Kanda 23 za VHS. Nimezipanga kitandani, nikazisoma lebo moja baada ya nyingine: harusi, harusi, maulidi, harusi, "Mpira", filamu ya Kihindi, harusi. Hakuna hata moja iliyoandikwa VOK. Na mimi namkumbuka baba kwa macho yangu, kachuchumaa mbele ya deki, kidole kiko kwenye kitufe chekundu, anasubiri kipindi kianze. Alivyorekodi vimekwenda wapi?

Naanza kuandika hapa ili nisipoteze hesabu.

12 Februari

Jibu la kwanza liko kwenye selotepu.

Upande wa mgongo wa kanda ya VHS, kwenye kona, pana kijino kidogo cha plastiki. Ukikivunja, deki inakataa kurekodi juu ya kanda hiyo. Ukija kuihitaji tena, unabandika selotepu juu ya tundu na deki inakubali. Kati ya kanda 23 za baba, 14 zina selotepu. Maana yake mara 14 baba aliona kitu, akakipenda, akakivunjia kijino kisifutwe. Kisha ikaja harusi, kanda mpya hakuna, na bi harusi hawezi kusubiri. Selotepu ikabandikwa.

Simlaumu. Kanda tupu ilikuwa na bei yake, na vituo vikubwa vya televisheni duniani vilifanya vilevile kwa mikono yao wenyewe. Mashine ya kwanza ya kurekodi picha iliyofanikiwa kibiashara, ya Ampex ya mwaka 1956, ilitumia utepe wenye upana wa inchi mbili, mzito, wa gharama kubwa. Kipindi kikishaonyeshwa, utepe ulifutwa ukarekodiwa kingine. BBC ilifuta sehemu nyingi mno za tamthilia yake ya Doctor Who za miaka ya 1960. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba sehemu 9 zilizokuwa zimepotea zimepatikana katika kituo cha televisheni cha mji wa Jos, Nigeria, kwenye filamu za milimita 16. Aliyezifuatilia ni Philip Morris. Baada ya furaha ile bado zilibaki 97 bila kupatikana.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kinachonigusa kila mara ni hiki: filamu zile zilikuwa zikiuzwa kwa vituo vya nje, nyingine zikipitishwa kutoka kituo hadi kituo, na moja ya rafu zilizozitunza ilikuwa barani kwetu. Ikiwa rafu ya Jos ilihifadhi ya London, makabati ya Majengo, Kibokoni na Kisauni yatashindwaje kuhifadhi yetu?

20 Februari

Kosa kubwa, na nimelifanya mimi.

Deki ya baba ilikuwa inawaka. Nilifurahi nikasahau kila kitu, nikachukua kanda ya kwanza iliyokuja mkononi, nikaitia. Picha ikaja sekunde kama kumi, ikajaa chenga, kisha sauti ikavutika ikawa nzito kama ya mtu anayezama. Nilipobonyeza kutoa, kanda ikatoka na utepe wake ukabaki ndani umejikunja. Deki imekula kanda.

Nilipoangalia kwa tochi kwenye kidirisha cha kanda nikaona nilichopaswa kukiona mwanzo: unga mweupe pembezoni mwa utepe, kama chumvi iliyokaukia kwenye kamba ya mashua. Kuvu. Pwani yetu ina unyevu mwaka mzima, na kanda zilikaa juu ya kabati ukuta mmoja na bafu. Kuvu ile imepaka vichwa vya deki. Ningetia kanda ya pili bila kusafisha, ningeiambukiza nayo.

Kiasi cha mita mbili za utepe zimekunjika. Kwa mwendo wa VHS ya PAL, mfumo wa televisheni uliotumika kwetu, sentimita mbili na kitu kwa sekunde, hiyo ni dakika moja na nusu ya harusi ya mtu. Nimempigia simu mwenye harusi nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dakika gani hizo?" Sikuwa na jibu la kumpa.

2 Machi

Sasa kuna utaratibu, na siuvunji.

Kila kanda inayoingia inafungwa kwanza kwenye mfuko wa plastiki peke yake. Naiangalia kwa tochi. Yenye kuvu inakaa wiki mbili kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, hadi kuvu ikauke na kuwa vumbi. Halafu naifungua skrubu zake tano, nje kwenye veranda, barakoa usoni, na naupitisha utepe polepole kati ya vipande viwili vya ngozi laini. Kanda moja inachukua karibu jioni nzima. Utepe wa kanda ya saa tatu una urefu unaozidi mita 250, na wote unapita vidoleni mwangu.

Fundi mmoja wa Mwembe Tayari, mzee anayezijua deki kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, amenifundisha kusafisha ngoma ya vichwa. Unalowesha kipande cha ngozi kwa spiriti safi, unakishikilia kimetulia, na unaizungusha ngoma yenyewe kwa kidole. Hupandishi wala hushushi, maana vichwa vimechomoza nje kidogo kuliko unywele, na ukisugua kwenda juu unavikata. "Mwanangu," aliniambia, "hii ukiivunja hununui nyingine." Ni kweli. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Deki tatu nilizo nazo sasa, mbili nimezinunua kwake kwa ajili ya vipuri.

Ninachokisoma kwenye kanda nakihifadhi kwenye kompyuta kikamilifu: fremu 25 kwa sekunde, mistari 576, kwa mfumo wa FFV1 ambao unabana bila kupoteza chochote. Saa moja inakula makumi ya gigabaiti. Diski moja iko kwangu, ya pili iko Nairobi kwa dada yangu.

16 Machi

Leo ndio siku ya mradi huu.

Nilikuwa nasoma harusi ya mwaka 1987, ya jirani. Bi harusi ametolewa, wanawake wanapiga vigelegele, mpiga picha anatikisika, mwisho. Chenga. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kitufe cha kusimamisha. Mpwa wangu akaniita kutoka jikoni nikatoka. Niliporudi, kwenye skrini alikuwepo Mzee Ojwang'.

Nilisimama palepale mlangoni.

Nimekaa baadaye nikaelewa. Kanda ya E-180 ni ya saa tatu. Harusi ile ilikuwa ya saa mbili na dakika 20. Je, zile dakika 40 za mwisho ni za nani? Ni za aliyerekodi kabla. Ndani ya deki, kichwa cha kufutia kinatangulia ngoma ya vichwa vya kurekodia. Ukisimamisha kurekodi, panabaki kipande kilichokwisha kufutwa na hakijaandikwa kitu. Ndiyo zile sekunde chache za chenga. Kila mtu aliyetazama harusi alifika kwenye chenga, akasema imekwisha, akairudisha nyuma. Miaka karibu 40 hakuna aliyengoja chenga zipite.

Hapo mwishoni ndipo VOK ilipo. Mpwa wangu amepaita mkia, na mimi nimelichukua neno hilo.

Kati ya dakika hizo 40, za Vitimbi ni 6 tu. Mzee Ojwang' na miwani yake mizito, Mama Kayai akimjibu neno kwa neno. Benson Wanjau, Mkikuyu aliyezungumza kwa lafudhi ya Kijaluo hadi nchi nzima ikamwita Ojwang', alifariki Julai 2015. Hapa yuko na nguvu zake, anatembea haraka. Picha imepauka, nyekundu inavuja pembeni ya vitu kama kawaida ya VHS, na chini ya skrini pana mstari unaotetemeka. Sikugusa kitu. Niliiacha hadi kanda ikajisimamisha yenyewe.

23 Machi

Nimezirudia zote 23 hadi mwisho wa utepe. Kanda 9 zina mkia. Mfupi kuliko yote ni sekunde 50, mrefu kuliko yote dakika 34.

Ile iliyoandikwa "Mpira" ndiyo iliyonipa zawadi. Juu yake imerekodiwa sherehe ya mtoto, lakini mkiani mpira upo kweli: Football Made in Germany, kipindi cha mechi za Ujerumani, na sauti ya mtangazaji wake Toby Charles. Waliokulia Kenya enzi zile hawahitaji kuelezwa. Na mechi yenyewe ni ya Werder Bremen na Bayern München. Imebaki kidogo iishe, sufuri kwa sufuri, penalti, Michael Kutzop anapiga, mpira unagonga nguzo. Hiyo ni 22 Aprili 1986. Katika Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, hii ndiyo penalti pekee aliyoikosa Kutzop. Siku nne baadaye Bayern wakachukua ubingwa.

Kwa hiyo kipande hicho hakiwezi kuwa kilirekodiwa kabla ya tarehe hiyo. Nimepata msumari wa kwanza ukutani, na vingine vyote naweza kuvitundika hapo.

Vingi si rahisi hivi. Jina la VOK likionekana najua ni kabla ya 1989. Taarifa ya Habari ya saa moja inaanza na Mtukufu Rais, alikuwa wapi na alisema nini, na hilo linaweza kutafutwa gazetini. Matangazo ya biashara nayo yanasaidia, ila baba alikuwa na tabia ya kusimamisha deki yakija matangazo. Leo ningetoa chochote kuyapata.

12 Aprili

Kumbukumbu za watu. Nimeshajaza madaftari mawili.

Nimepita nyumba 17, jioni jioni, na kompyuta yangu na vile vipande. Kwanza namwacha mtu asimulie, naandika anavyosema, ndipo namwonyesha. Mpangilio huu ni muhimu. Ukionyesha kwanza, anachokumbuka kinageuka kikafanana na alichokiona sasa hivi.

Watu wengi, karibu wote wa umri wangu, wananiapia kwamba Vitimbi ilikuwa ya picha nyeusi na nyeupe. Mmoja alikataa katakata nilipomwambia ninayo ya rangi. Mwanzoni niliandika pembeni kwamba wanakosea. Kisha nikaanza kuuliza swali jingine: mlikuwa na tivi gani? Great Wall. Great Wall ndogo ya inchi 14, nyingine ikiendeshwa kwa betri ya gari. Nyeusi na nyeupe. Nimeufuta ule mstari wa pembeni. Hawakukosea hata kidogo. Wamenieleza sawasawa walichokiona. Kituo kilirusha rangi, sebule ikapokea kijivu, na vyote viwili ni historia ya kipindi hicho. Kanda inaweza kunipa kimoja tu. Cha pili kiko vichwani mwa watu, na vichwa hivyo navyo vinazeeka.

Mzee mmoja wa Majengo hakuwa na tivi kabisa. Alikuwa akitazamia dirishani kwa jirani, watoto wamekaa chini ndani, yeye na wakubwa wenzake wamesimama nje. Nilimsalimu shikamoo, nikamwekea kipande cha Ojwang' mapajani. Alitazama hadi mwisho bila kusema neno. Akaniomba nirudie. Mara ya tatu akasema, "Mwanangu, kumbe ilikuwa na rangi." Akaugusa uso wa skrini kwa kidole.

Nimeandika maneno yake na tarehe. Katika daftari zima sina ukurasa ninaoupenda zaidi.

27 Aprili

Siku mbili Nairobi, maktaba ya McMillan, magazeti ya zamani. Nimelinganisha ratiba za televisheni na vipande 9, nikathibitisha tarehe za vitatu. Vingine bado. Mikono ilikuwa myeusi kwa wino na vumbi hadi kwenye treni ya kurudi.

11 Mei

Mtu kaniuliza kwa nini nihangaike, si KBC wana ghala lao. Wanalo, na ninalitakia heri. Haki za vipindi hivi ni za kituo, si zangu, na sitapandisha popote kipindi chao bila ruhusa. Lengo ni nakala safi zirudi kwao bure, zikiwa na tarehe, na nyingine ibaki kwa familia yenye kanda. Lakini aliyerekodi nyumbani alikamata na vile ambavyo mtayarishaji hakuona haja ya kuvitunza: tangazo katikati, mtangazaji akiomba radhi kwa hitilafu ya mitambo, wimbo wa taifa wa kufungia kituo usiku. Kule Philadelphia, Marekani, mama mmoja aitwaye Marion Stokes alirekodi televisheni usiku na mchana zaidi ya miaka 30, hadi alipofariki mwaka 2012, akaacha kanda zipatazo elfu 71. Watu walimshangaa. Leo kanda zake ni hazina. Baba hakuwa na mpango kama wake. Alikuwa na selotepu na harusi za majirani. Lakini naona ni ndugu wawili.

8 Juni

Habari kutoka Muscat.

Halati yangu, dada yake mama, ameishi huko tangu aolewe. Harusi zote za ukoo alikuwa akitumiwa kanda, apate kuona aliyokosa. Nilipompigia simu nikamweleza habari ya mikia, akasema anazo kanda 12, hajawahi kuzitupa, ziko chumba chenye kiyoyozi, kavu. Oman nao walitumia PAL kama sisi, kwa hiyo deki zangu zinazisoma.

Nimemwomba asizitume kwa posta. Binamu yangu anakuja Julai, atazibeba mkononi. Aliogopa mashine ya eksirei ya uwanja wa ndege. Nimemtoa wasiwasi: eksirei haifuti utepe wa sumaku. Kinachoua ni sumaku na joto, basi asiziweke karibu na spika wala kuziacha garini.

20 Julai

Zimefika, zimefungwa kwenye kanga mbili. Nimenusa kila moja kabla ya kitu chochote. Hakuna harufu ya kuvu. Utepe unang'aa kama mpya. Hata hivyo nimepitisha tochi zote 12.

27 Julai

Kanda 12, mikia 5. Nyingi za zile nyingine zilikuwa tupu tangu mwanzo, zimenunuliwa mpya kwa ajili ya kutumwa.

Wa tano ndio mrefu. Harusi ya halati yenyewe, yeye akiwa bi harusi, saa mbili na dakika 38. Chenga kwa sekunde 7. Kisha dakika 21 za VOK kwa mfululizo, pamoja na matangazo, kwa sababu safari hii aliyerekodi hakusimamisha. Taarifa ya Habari inaanza, Mtukufu Rais, kisha hali ya hewa, kisha kipindi kingine kinaanza na kanda inakwisha katikati ya sentensi.

Nilimpigia halati kwa video nikamgeuzia skrini. Alikuwa akinisikiliza kwa adabu tu, hadi ilipopita hali ya hewa na msomaji akataja Lamu na Malindi. Akafunika mdomo kwa mtandio. "Hii ni kanda ya babako," alisema. "Alikuwa hana kanda mpya siku ile. Mamako alimgombeza. Akatoa yake ya habari, akasema harusi ya shemeji ni kubwa kuliko habari."

Sikujua. Hakuna aliyewahi kunisimulia.

Mbotela sijampata bado. Katika dakika zote nilizokusanya, 163 hadi leo, hayumo. Kuna familia mbili Freretown zimeniambia zina kanda stoo, na moja ya Likoni. Naanza na Freretown wiki ijayo, nikishamaliza kukausha ndoo iliyopo.

Usiku huu nimemaliza nakala ya pili ya kanda ya halati. Nimeandika lebo mpya kwa kalamu ya risasi: "Harusi. Mkia: VOK, dk 21, usifute." Kwenye kona palikuwa na selotepu ya baba, imegeuka rangi ya chai na imekauka. Nimeibandua kwa ukucha, polepole, nikaibandika kwenye ukurasa huu wa daftari.